Shimo la Choo Halivutwi kwa Siri

Walioko mezani naomba waniwie radhi, maana mazungumzo ya leo ni ya choo, na sina saa nyingine iliyo bora. Masika hayako mbali. Kila mwaka yakiingia, yale ambayo watu wa Mji wa Kale wa Mombasa wameyaficha chini ya sakafu hutoka nje yenyewe.

Nazungumzia kuvuta shimo. Ni kazi chache katika mji huu zinazofanywa kwa haraka na kwa aibu kama hii. Mwenye nyumba huvumilia mpaka maji yarudi juu chooni. Hapo ndipo anapotafuta gari, usiku, gari lolote, kwa bei yoyote, bila kumwambia hata jirani wa ukuta mmoja. Gari lenyewe haliwezi kuingia. Linasimama Ndia Kuu au barabara ya Mbarak Ali Hinawy, na kutoka hapo mpira unalazwa kichochoroni, kipande kwa kipande. Unapita mbele ya milango ya watu, unakunja kona, unavuka kizingiti, unaingia mpaka uani. Jambo moja likienda mrama, uchafu wa nyumba moja unatapakaa mbele ya mabaraza ya nyumba sita, wazee wakiwa njiani kwenda kuswali alfajiri na watoto wakienda chuoni.

Maoni yangu ni haya, na nitayashikilia mpaka mwisho wa mazungumzo: katika mji huu, shimo la choo ni la mwenye nyumba kwa hati tu. Siku linapofunguliwa ni la mtaa mzima, na mtaa mzima una haki ya kujua.

Sababu ya kwanza iko chini ya miguu yetu. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe. Si udongo mzito unaoshika maji. Ni jiwe lenye matundu na nyufa, na maji yakimwagika juu yake hayakai, yanazama na kwenda zake. Hatuna mto kisiwani. Tangu enzi za wazee wetu tumeishi kwa visima, na visima vyenyewe si virefu. Msafiri Ibn Battuta alipolala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akiwa safarini kwenda Kilwa, aliona misikiti ya mbao, na kwenye kila mlango wa msikiti kisima kimoja au viwili vya kina cha dhiraa moja au mbili tu. Watu walichota kwa chombo cha mti chenye mpini mrefu, wakaosha miguu, wakaingia kuswali. Hebu ifikirie dhiraa hiyo, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Maji ya Mombasa yalikuwa karibu kiasi hicho, na choo cha jirani nacho hakiko mbali.

Na visima havijaachwa. Maji ya bomba yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, yote nje ya kisiwa, na kila mkazi anajua yanavyokuja kwa mgao. Yasipokuja, kisima cha msikiti au cha uani ndicho kinachookoa siku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoko ng'ambo hapo Mkomani, walipima visima vya Mombasa na kukuta vijidudu vya kinyesi katika visima vingi. Mifereji mikubwa ya maji taka inafikia sehemu ndogo tu ya kisiwa. Waliobaki, na ndio wengi, wanategemea septiki na mashimo. Kwa hiyo tukizungumza juu ya kuvuta shimo vizuri tunazungumza juu ya maji ya kuoshea mtoto uso.

Wazee hawakuwa wajinga wa mambo haya. Ukienda Gede, kule karibu na Malindi, mji wa mawe ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua kuanzia 1948 mpaka 1958, utaona vyoo vya shimo ndani ya nyumba zenyewe, vimejengwa kwa jiwe na chokaa, na visima vyao havipo mbali. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilirithi ujenzi huo. Lakini nyumba ile ilikuwa ya ukoo mmoja, watu walikoga kwa kata na birika, na shimo lilikuwa na nafasi ya kupumzika. Leo nyumba hiyohiyo imegawanywa vyumba vya kupangisha, au imebomolewa na mahali pake pamesimama ghorofa nne. Kila orofa ina choo cha kuvuta maji, na maji yote yanashukia kwenye shimo lile lile la babu. Shimo halikupanuliwa, ila kodi inapokelewa kila mwezi. Hili nalisema kwa uchungu, maana wenye majumba ni ndugu zetu, na wanaoishi orofa ya chini, ambao ndio hufurikiwa kwanza, kwa kawaida ndio maskini zaidi katika jengo.

Sasa tuingie ndani ya shimo lenyewe, kwa maneno tu, maana kwa mwili hakuna ruhusa, na nitaeleza kwa nini.

Septiki iliyojengwa sawasawa ni tangi lisilovuja. Ndani yake uchafu unajitenga wenyewe. Mzito unazama na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, na katikati yanabaki maji ambayo hutoka polepole kwenda shimo la pili la kunywea, ambalo huyaachia yazame ardhini. Tope likifika kiasi cha thuluthi ya kina cha tangi, wakati wa kuvuta umefika, hata kama choo bado kinafanya kazi vizuri. Ukipitisha hapo, tope linaanza kutoka pamoja na maji, linaziba shimo la kunywea, na shimo la kunywea likishaziba hata gari kumi hazitakusaidia, utachimba upya. Kwa familia ya kawaida hiyo ni kila miaka miwili mpaka mitano. Kwa nyumba ya wapangaji ni mapema zaidi.

Lakini sehemu kubwa ya tunazoziita septiki hapa mjini ni mashimo yasiyo na sakafu, yaliyochongwa kwenye tumbawe. Mwenye shimo kama hilo hujisifu kwamba halijai. Halijai kwa sababu maji yake yamekwenda kwenye kisima cha mwenziwe, na kinachobaki ni kile kizito, kinakaa na kugandamana mwaka baada ya mwaka. Wako wasafiri wa Marekani na Ulaya wanaoishi ndani ya magari yenye vitanda, jiko na choo, na chini ya gari kuna tangi la uchafu ambalo wao wenyewe hulimwaga kwenye vituo maalumu. Wanafundishana jambo moja mapema kabisa: usiache valvu ya tangi wazi siku zote, maana maji yatatangulia kutoka, na kinyesi kitabaki kimejenga kilima ndani. Subiri tangi likaribie kujaa ndipo ufungue, maji yaukokote uzito wote kwa pamoja. Mashimo yetu ya tumbawe ni tangi ambalo valvu yake haijawahi kufungwa. Ndiyo maana gari likija kuvuta linakuta mwamba mweusi ambao mpira hauwezi kuula, fundi anavuta maji ya juu, anapokea pesa zake, na baada ya miezi michache shimo limejaa tena na mwenye nyumba anasema ameibiwa.

Kwa hiyo kazi huanza siku kadhaa kabla gari halijafika. La kwanza ni kujua mfuniko uko wapi. Msikilizaji, hili linaonekana dogo, lakini madhara mengi huzaliwa hapa. Mfuniko uliwekwa uani, au kwenye kiwanja cha ndani, au chini ya ngazi. Akaja mrithi akapaka saruji. Akaja mpangaji akaweka taili. Leo hakuna anayejua, na siku ya dharura sakafu nzima inavunjwa kwa nyundo huku maji machafu yakiwa vifundoni. Utafute mfuniko wako wakati wa kiangazi. Uwekee pete za chuma za kuunyanyulia, na uandike mahali ulipo kwenye karatasi inayokaa pamoja na hati ya nyumba.

La pili ni kuchagua siku. Usingoje masika, Aprili na Mei, wakati ardhi imeshiba na mitaro imejaa. Vuta kiangazi. Na ikiwa nyumba yako iko upande wa maji, kuelekea Bandari ya Kale na Leven, tazama pia mwezi. Katika jiwe letu lenye matundu, maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ukivuta shimo lisilo na sakafu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, utalipia gari livute bahari: unavyotoa ndivyo yanavyoingia. Wenye matangi ya plastiki yaliyozikwa wana hatari nyingine. Tangi likiwa tupu na maji yamelizunguka, huelea, hukata mabomba yake na kuinua sakafu. Wavuvi wetu wanajua saa ya maji kupwa kwa kichwa. Muulize mmoja kabla ya kumpigia mwenye gari.

La tatu ni jirani. Mwambie. Mwambie mama wa mlango wa pili asianike nguo njiani asubuhi hiyo. Mwambie muuza kahawa asogee, na imamu ajue ili njia ya msikiti isizibwe wakati wa swala. Wengi wanaona haya. Lakini jirani uliyemwambia atakuwekea macho kwenye mpira mlangoni kwake, na hayo ni macho unayoyahitaji. Tena mkiwa nyumba tatu nne kwenye kichochoro kimoja mnaweza kuita gari siku moja na kugawana gharama ya safari. Kuna jamaa zetu wa Kibokoni wanaofanya hivyo, na njia yao husafishwa mara moja badala ya mara nne.

Kisha siku yenyewe. Iwe mchana. Sielewi kabisa desturi ya kufanya kazi hii gizani. Giza linaficha aibu kwa saa mbili na linaleta hasara ya wiki.

Mfuniko ukifunuliwa, watu wote wasogee nyuma na shimo liachwe lipumue kwa muda mrefu. Humo ndani kuna hewa chafu za aina mbili za kuogopwa. Moja ni metheni, ambayo hulipuka: hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna jiko la makaa karibu. Na wale waliozoea kumimina mafuta ya taa shimoni kuua mende wajue wameongeza kuni. Ya pili ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Hatari yake kubwa ni kwamba ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Mtu husikia harufu, kisha haisikii tena, anadhani imeondoka, anainama zaidi, anaanguka. Wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Kila mwaka Afrika Mashariki tunasikia habari za kaka na kaka, au baba na mwana, waliokufa shimo moja kwa namna hiyo. Basi sheria ni moja na haina ila: hakuna mtu anayeshuka shimoni, wala kuokota simu, wala kuzibua mpira, wala kuokoa. Aliyeanguka huvutwa kwa kamba kutoka juu, au huitwa watu wenye vifaa vya kupumulia.

Nasema haya nikiwakumbuka vijana wanaoitwa usiku kuteka kwa ndoo pale gari lisipofika au likiwa ghali. Wanapewa kitu cha kunywa ili wasisikie harufu, wanashushwa bila glavu wala buti, wanalipwa kidogo, na asubuhi hakuna anayetaka kusalimiana nao. Hili ni doa kwetu sote. Mwenye nyumba anayemshusha mtoto wa mwenziwe shimoni amekwisha kubeba dhima ya roho yake.

Turudi kwenye gari. Gari linavuta kwa kuondoa hewa ndani ya tangi lake, ili uchafu usukumwe juu na hewa ya nje. Nguvu hiyo ina mpaka. Hata kwa maji matupu haiwezi kupita mita 10 kwenda juu, na kwa tope zito ni chini ya hapo sana. Mpira ukiwa mrefu na wenye kona nyingi, kama unavyokuwa lazima Mji wa Kale, nguvu hupungua zaidi. Ndiyo sababu tope lazima lilainishwe kwanza. Fundi mzuri humwaga maji, hukoroga kwa mti mrefu akiwa amesimama juu, husubiri, ndipo anavuta, na hurudia. Fundi wa haraka hufungulia pampu mara moja, anavuta maji ya juu, kisha matambara, nepi na mifuko ya plastiki vinaziba mdomo wa mpira, naye anaanza kuutingisha na kuufungua ukiwa umejaa.

Na hapo ndipo ajali inapotokea. Watu huogopa mpira utavuja wakati wa kuvuta. Kwa kweli wakati pampu inavuta, mpira wenye tundu hunyonya hewa. Utasikia mluzi, na nguvu itapungua. Balaa huja pampu inapozimwa. Mita zote za mpira zilizolala kichochoroni zimejaa, na kila kilicho ndani kinatafuta pa kutokea. Kwa hiyo utaratibu wa kufunga kazi ni muhimu kuliko wa kuianza. Kabla pampu haijazimwa, mdomo wa mpira utolewe kwenye tope na uinuliwe, uvute hewa, huku msaidizi akitembea kutoka uani kuelekea garini, akiinua mpira kipande kwa kipande ili kila kilichobaki kiende tangini. Kisha uingizwe kwenye ndoo kubwa ya maji safi, uvute, mpira ujisuuze. Ndipo valvu ya tangi inafungwa. Ndipo pampu inazimwa. Ndipo viungo vinafunguliwa, kimoja kimoja, kila kimoja juu ya beseni. Ukiona fundi anafungua kiungo kabla ya valvu kufungwa, mzuie kwa sauti, usione haya.

Vipi kikimwagika hata hivyo? Desturi yetu ni kuchukua mpira wa maji na kusukumia kila kitu mtaroni. Mitaro ya Mji wa Kale inateremka kwenye hori la Tudor, pale Bandari ya Kale, ambako vijana wanapiga mbizi na samaki wanateremshwa. Umesukuma uchafu wako kwenye kitoweo cha mji. Afadhali uwe na mchanga mkavu au unga wa mbao tayari kabla ya kazi. Uumwage juu ya uchafu, uuache unyonye, kisha uzoe kwa koleo, urudishe shimoni. Baada ya hapo osha jiwe kwa maji kidogo yenye klorini ya kufulia, ukiwa na glavu. Klorini hiyo usiichanganye kamwe na asidi ya kusugulia choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, wala usiimimine shimoni, kwani itaua vijidudu vinavyokusaidia kuozesha tope.

Mfuniko ukirudishwa, zibeni nyufa zake kwa chokaa au saruji nyepesi. Mbu wanaoeneza matende hupenda sana mashimo yenye maji machafu. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walitandaza punje za plastiki nyepesi juu ya maji ya mashimo ya vyoo, mbu wakakosa pa kutagia, na ugonjwa ukapungua sana ulipofuatishwa na dawa. Sisi ufa mdogo tu wa mfuniko tunaushindwa.

Lakini gari limeondoka. Linakwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo wenye nyumba hawaliulizi, kwa sababu shida yao imekwisha. Mtambo mkubwa wa kusafisha maji taka uko Kipevu, Changamwe, nje ya kisiwa. Gari litoke Mji wa Kale, lipite mjini, livuke Makupa kwenye lile daraja lililofunguliwa 2022, lipambane na malori ya makontena, lifike, lipange foleni, limwage, lirudi. Ni mafuta na ni muda. Dereva asiye na Mungu anaona njia fupi: chemba ya barabarani yenye mfuniko uliovunjika, au ukingo wa hori usiku. Kisha uchafu ule ule uliolipia utolewe nyumbani kwako unarudi na maji kujaa. Kanuni za mazingira za Kenya, za ubora wa maji na za usimamizi wa taka, zinakataza jambo hili, na gari la kubeba taka linatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Wewe mwenye nyumba una nguvu moja kubwa: hujalipa bado. Omba kuona leseni kabla mpira haujashushwa. Lipa nusu, na nusu nyingine ulipe ukiletewa risiti ya mahali palipomwagwa.

Wako watakaosema, mbona unatulaumu sisi raia? Sikulaumu peke yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango kinachofaa cha usafi wa mazingira, na Jedwali la Nne limeweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti. Kaunti inajua fika kwamba lori kubwa haliingii Mkanyageni wala Kuze. Dawa ya vichochoro ilianzwa hapahapa Kenya. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake Nairobi, lilitengeneza kigari kidogo kiitwacho Vacutug, chenye tangi la lita 500, kikajaribiwa Kibera. Dar es Salaam vikundi vya vijana vimetumia pampu ya mkono iitwayo Gulper kwenye mitaa isiyofikika kwa gari. Sisi tuna tuk-tuk katika kila kona na mikokoteni inayopita mahali ambapo hata pikipiki husita. Ningependa kuona Mombasa vigari vidogo vya kuvuta vinavyoingia mpaka mlangoni, na tangi kubwa lililofungwa vizuri likisubiri barabarani, vikundi vya vijana vikiwa na mafunzo, buti, glavu na malipo ya heshima. Mradi kama huu hauhitaji kuchimbua hata jiwe moja la mji wa kihistoria. Nashindwa kuona sababu ya kungoja.

Wala tusidhani ni jambo la harufu tu. Kipindupindu kilipita pwani hii miaka ya 1869 na 1870 na kuangamiza watu wengi. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati huo, aliandika juu yake kitabu kilichochapishwa 1876, miaka kadhaa kabla Robert Koch hajakitambua kimelea chenyewe. Leo hatuna udhuru wa kutojua. Tunajua kinapita mdomoni kutoka kwenye kinyesi, tunajua njia yake ni maji na mikono, na bado kimerudi Mombasa zaidi ya mara moja katika miaka hii yetu.

Na kwa sisi tunaotawadha kwa maji ya visima hivi, dini imelisema mapema. Tumekatazwa kuchafua mambo matatu kwa haja zetu: njia ya watu, kivuli cha watu na maji ya watu. Kichochoro cha Mji wa Kale ni vyote vitatu kwa pamoja.

Basi mwenye nyumba unayenisikiliza, wiki hii utafute mfuniko wako. Mpangaji, mkumbushe mwenye nyumba kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Wazee wa mitaa, ikutanisheni milango ya kila kichochoro mpange siku moja ya kuvuta kabla mvua haijaanza. Na waheshimiwa wa bunge la kaunti, bajeti inayokuja iwe na fungu la vigari vya vichochoroni, tena litajwe kwa jina lake.